Binti Anapoacha Kushika: Mwongozo wa Ugonjwa wa Rett kwa Wazazi na Walezi

Mwongozo huu ni wa mzazi mwenye binti aliyezaliwa salama, akanyonya vizuri, akakaa kwa wakati wake, pengine akaanza kuita "mama" au kuomba maji, halafu baada ya kutimiza mwaka au mwaka na nusu akaanza kurudi nyuma. Kijiko alichokuwa akikishika kinamponyoka. Maneno machache aliyokuwa nayo yanapotea. Mikono inakutana kifuani, inasuguana, inafinyana, au inaingia mdomoni, na haitulii kutwa nzima mpaka alale. Mzazi akieleza hayo kliniki hupewa majibu ya kila namna: mmoja huambiwa ni mtindio wa ubongo, mwingine usonji, mwingine asubiri kwa kuwa watoto hawalingani. Mtaani nako watu wana majibu yao, na karibu yote humwangukia mama.

Yapo magonjwa kadhaa yanayoweza kuleta hali hiyo. Mojawapo linalostahili kufikiriwa mapema ni ugonjwa wa Rett, ambao humpata takriban msichana mmoja katika kila 10,000 wanaozaliwa. Chanzo chake ni kasoro katika protini moja inayoshika DNA ndani ya seli za ubongo na kuamua jeni zipi zisomwe, na kwa kiasi gani. Protini hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo. Usiiruke sehemu hiyo ukidhani imewekwa kwa ajili ya wanafunzi wa baiolojia, kwa maana mzazi anayeielewa hufanya maamuzi tofauti na asiyeielewa: kuhusu lawama, kuhusu kuzaa tena, kuhusu namna ya kuzungumza na binti yake, na kuhusu fedha anazotakiwa kulipa na kila anayejiita mponyaji.

Kabla ya kipimo chochote, tazama na uandike

Chukua daftari na kadi ya kliniki ya mtoto. Andika lini alikaa, lini alishika kitu kwa kukusudia, lini alisema neno la kwanza, na lini kila kimoja kilianza kupotea. Madaktari wanaoujua ugonjwa huu hutegemea historia kuliko kipimo. Vigezo vinavyotumika duniani, vilivyorekebishwa mwaka 2010, vinaanza na jambo moja: lazima kuwe na kipindi cha kupoteza uwezo, kikifuatiwa na kutulia au hata kupata nafuu kidogo. Kisha yanatazamwa mambo manne: kupoteza matumizi ya mikono, kupoteza maneno, kutembea kwa shida au kutotembea kabisa, na mikono kurudiarudia mienendo ileile bila kukoma. Binti mwenye yote manne pamoja na kile kipindi cha kurudi nyuma ana Rett ya kawaida, ilimradi hakuwahi kuumia ubongo kwa ajali au maambukizi, na miezi yake sita ya mwanzo haikuwa na kasoro kubwa iliyo wazi.

Kipimo cha mzunguko wa kichwa nacho kina maana. Mabinti wengi huzaliwa na kichwa cha ukubwa wa kawaida, halafu kasi yake ya kukua inapungua ndani ya miaka ya mwanzo. Ikiwa kadi yako ina vipimo vya kichwa vya kila mwezi, ni hazina. Ikiwa muuguzi alipima uzito tu, mwombe aanze sasa.

Simu yako ni chombo cha uchunguzi. Rekodi video fupi za mikono yake, za namna anavyopumua akiwa macho, na za kila tukio unalodhani ni kifafa. Daktari ana dakika chache na mtoto, na mara nyingi mtoto huyo hatafanya mbele yake lile linalokusumbua nyumbani.

Asili ya jina la ugonjwa yenyewe ni somo la kutazama. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Vienna, Andreas Rett, aliwaona wasichana wawili wamekaa na mama zao wakisubiri kumwona, na wote wawili walikuwa wakisugua mikono kwa namna moja. Aliandika habari zao mwaka 1966 kwa Kijerumani, na ni wachache waliosoma. Ilibidi Bengt Hagberg wa Uswidi na wenzake wachapishe mwaka 1983 habari za wagonjwa 35 kwa Kiingereza ndipo ulimwengu wa tiba ukaamka. Miaka 17 ilipita kati ya maandiko hayo mawili. Kwa hiyo daktari wa wilayani kwako akikuambia hajawahi kusikia jina hili, usimdharau; mpe daftari lako na video zako, umwombe akupe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto.

Protini inayoshika DNA

Karibu kila seli ya mwili ina DNA ileile, yenye jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Seli ya ini na seli ya ubongo hazitofautiani kwa jeni zilizomo. Zinatofautiana kwa jeni zinazosomwa na zile zilizonyamazishwa. Zinazofanya kazi hiyo ya kuchagua ni protini zinazoshika DNA. Kundi kubwa zaidi la protini hizo kwa binadamu lina aina zipatazo 1,600, na mfumo wa neva unazitegemea tangu wiki za mwanzo za mimba. PAX6 inahitajika ili macho na sehemu kadhaa za ubongo zijijenge. SOX2 huzifanya seli changa za neva ziendelee kugawanyika zisikomae kabla ya wakati. NEUROD1 huzisukuma ziwe neva kamili. FOXG1 hushughulika na ubongo wa mbele, ule wa fikra na mwendo wa hiari. Kasoro katika mojawapo ya hizo huonekana mapema, mara nyingi tangu kuzaliwa.

Protini ya Rett inaitwa MeCP2, na tabia yake si kama ya hizo. Iligunduliwa mwaka 1992 na kundi la Adrian Bird huko Uskoti, wakati ambapo hakuna aliyeihusisha na ugonjwa wowote. Inatafuta alama ndogo ya kemikali iitwayo methili iliyobandikwa juu ya DNA, inaishika, kisha kwa upande wake mwingine inaita kundi la protini nyingine ambalo hupunguza usomaji wa jeni zilizo karibu. Kumbuka pande hizo mbili, mkono wa kushika DNA na mkono wa kuita wenzake, maana tutazikuta tena kwenye karatasi ya majibu.

Neva zina MeCP2 kwa wingi wa ajabu, kuliko karibu seli nyingine zote, na wingi huo hupanda baada ya kuzaliwa kadiri neva zinavyokomaa na kuungana. Hapo ndipo lilipo jibu la swali linalowatesa wazazi wengi: mbona alizaliwa mzima? Ubongo wake ulijengwa bila kuitegemea sana protini hii. Upungufu ulijitokeza neva zilipofika hatua ya kukomaa, na hatua hiyo huangukia miezi ileile ya chanjo, ya kuachishwa ziwa, ya homa za kwanza, ya safari za kwenda kwa bibi. Ndiyo maana kila familia hupata kitu cha kulaumu. Chanjo haikusababisha. Wala homa, wala jicho la mtu.

Protini isipofanya kazi, jeni nyingi sana hupotoka kidogo kidogo, nyingine zikisomwa kupita kiasi na nyingine pungufu. Neva hubaki ndogo, zenye matawi machache na mawasiliano hafifu. Lakini hazifi. Huo ndio ukweli mmoja ambao ningependa uukariri hata kama utasahau mengine yote. Mwaka 2007 kundi lilelile la Bird lilichapisha jaribio la panya waliozuiwa jeni ya MeCP2 kwa njia inayoweza kuondolewa. Panya walipokuwa wameugua, wengine wakiwa karibu kufa, kizuizi kikaondolewa na jeni ikaanza kufanya kazi. Wengi wao walipata nafuu kubwa, waliokuwa wakitetemeka wakatembea. Panya si binadamu, na hakuna aliyekwisha kumrejesha binti kwa namna hiyo. Ila jaribio lile liliondoa wazo kwamba ubongo wa Rett umeharibika moja kwa moja. Unapoambiwa "ubongo wake umekufa", unaambiwa jambo lisilo kweli.

Nani alaumiwe

Jeni inayotengeneza protini hii, iitwayo MECP2, iko kwenye kromosomu X. Msichana ana X mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mvulana ana moja tu, ya mama. Katika kila seli ya msichana X moja huzimwa, bila utaratibu maalumu, jambo ambalo Mary Lyon wa Uingereza alilieleza mwaka 1961. Kwa hiyo binti mwenye Rett ana mchanganyiko: neva nyingine zinatumia jeni nzima, nyingine zinatumia iliyoharibika, na uwiano hutofautiana kati ya mtoto na mtoto. Ni sababu mojawapo inayowafanya mabinti wawili wenye badiliko lilelile la jeni watofautiane, mmoja akatembea na mwenzake asikae bila kuegemezwa. Mvulana akipata badiliko hilohilo hana akiba, na wengi huugua vibaya tangu uchanga.

Sasa kuhusu mama. Ugonjwa huu haurithiwi katika zaidi ya asilimia 99 ya familia. Badiliko ni jipya, limetokea mara moja, na tafiti zimeonyesha kwamba mara nyingi mno limetokea wakati mbegu ya baba ikitengenezwa. Ndiyo sababu nyingine ya kuonekana kwa wasichana: baba humpa binti X yake, lakini mwanawe wa kiume humpa Y. Sisemi hivi ili lawama zihamishwe kutoka kwa mama kwenda kwa baba. Mbegu hutengenezwa kwa mamilioni kila siku, na makosa ya kunakili DNA hutokea kwa kila mwanamume aliye hai. Nasema hivi kwa sababu wapo wanawake waliofukuzwa kwenye ndoa kwa ajili ya mtoto wa namna hii, na mashemeji waliosimamia kufukuzwa huko walikuwa na makosa hata kwa hesabu yao wenyewe.

Uwezekano wa kupata mtoto wa pili mwenye ugonjwa huu ni mdogo, chini ya asilimia moja, ila si sifuri. Mara chache sana mama hubeba badiliko bila dalili kwa sababu X yake mbovu imezimwa karibu kila mahali, au mzazi mmoja ana badiliko katika sehemu ya mbegu au mayai yake tu. Mkitaka kuzaa tena, mama apimwe badiliko lile lililoonekana kwa binti. Ni kipimo kidogo na cha bei nafuu kuliko kile cha binti, kwa sababu maabara inajua pa kutazama.

Kipimo cha jeni na namna ya kuyasoma majibu

Uhusiano wa MECP2 na Rett ulitangazwa mwaka 1999 na kundi la Huda Zoghbi, daktari mzaliwa wa Beirut anayefanya kazi Houston, Marekani, aliyekuwa ameutafuta kwa miaka mingi baada ya kukutana na mgonjwa wake wa kwanza. Tangu hapo kipimo kimekuwa cha kawaida katika maabara za jeni. Kwetu Afrika Mashariki sampuli mara nyingi husafirishwa nje ya nchi, hivyo uliza mambo matatu kabla hujalipa. La kwanza, je, kipimo kinasoma herufi za jeni na pia kutafuta vipande vizima vilivyokatika? Baadhi ya mabinti wana vipande vilivyopotea, na kipimo cha herufi peke yake kitasema "hakuna kitu". La pili, je, kinapima MECP2 tu au kundi la jeni? Kwa binti mwenye dalili zote za kawaida, MECP2 pekee inatosha, kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 ya mabinti hao wana kasoro hapo. Kwa mtoto ambaye alikuwa na shida tangu kuzaliwa, au ambaye kifafa kilianza katika miezi ya mwanzo, ni afadhali kundi, likiwamo FOXG1, CDKL5 na TCF4. La tatu, matokeo yatakuja kwa maandishi na kukabidhiwa wewe? Usikubali jibu la mdomo. Karatasi hiyo itatumika maisha yake yote.

Inachukuliwa damu kidogo kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, au mate. Hakuna kufunga kula.

Karatasi ikirudi utakuta maandishi kama haya: c.473C>T, p.Thr158Met. Sehemu ya kwanza ni mahali pa herufi ya DNA iliyobadilika. Ya pili ni matokeo kwenye protini: asidi amino ya 158, iliyopaswa kuwa threonini, imekuwa methionini. Namba 158 iko kwenye mkono wa kushika DNA. Protini inatengenezwa lakini haishiki sawasawa. Ukikuta p.Arg306Cys, hiyo iko kwenye mkono wa kuita wenzake: inashika DNA vizuri, halafu inashindwa kuwaita wenzake. Ukikuta nyota au neno Ter baada ya namba, kama p.Arg168Ter, maana yake ujenzi wa protini unakoma hapo, na sehemu yote inayofuata haipo.

Usishangae iwapo maabara mbili zikikupa namba zinazopishana kwa 12, moja ikisema 158 na nyingine 170. MeCP2 ina aina mbili, moja ya asidi amino 486 na nyingine 498, na maabara huhesabu kwa kuanzia wanapochagua. Ni badiliko lilelile. Wazazi wamewahi kulipia kipimo cha pili bure kwa kutokujua jambo hili dogo.

Mabadiliko hayo huandikwa pia kwa kifupi: R306C ni ileile p.Arg306Cys, na X mwishoni ni sawa na Ter. Kwa wastani, mabinti wenye R133C, R306C au R294X wana hali nafuu kidogo kuliko wenye R168X, R255X, R270X, R106W au vipande vikubwa vilivyokatika. Nasisitiza wastani. Usimtabirie mtoto wako maisha kwa herufi na namba. Ule mchanganyiko wa kromosomu X una sauti yake pia. Na ukikuta maneno yanayosema maana ya badiliko haijulikani, usilie wala usishangilie. Omba baba na mama mpimwe. Ikiwa nyote hamna badiliko hilo, uzito wake kama chanzo unaongezeka.

Ikiwa hamna fedha ya kipimo, msisimamishe maisha. Rett hutambuliwa kwa dalili, na karibu kila kitu kinachofuata hapa chini kinaweza kuanza bila karatasi ya jeni.

Yanayopaswa kufuatiliwa hospitali

Anza na moyo, kwa kuwa ndio unaosahaulika. Takriban binti mmoja kati ya watano ana hitilafu ya umeme wa moyo iitwayo QT ndefu, ambapo moyo huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Haionekani kwa macho wala haisikiki kwa kifaa cha daktari cha kusikilizia. Inaonekana kwenye kipimo cha ECG, ambacho kipo katika hospitali nyingi za mkoa au kaunti, hakiumi na huchukua dakika chache. Omba kipimwe ugonjwa unapotambuliwa, kisha kila mwaka.

Umuhimu wake unaonekana zaidi kwenye dawa. Baadhi ya dawa za kawaida huurefusha muda huo wa QT: erithromaisini inayotolewa kwa kifua, ketokonazoli ya fangasi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na, jambo linalotuhusu sana sisi, baadhi ya dawa za malaria, ikiwamo kwinini. Hata dawa mseto ya artemetha na lumefantrini ina onyo juu ya wagonjwa wenye moyo wa namna hii. Tafadhali usinielewe vibaya: malaria isiyotibiwa itamuua binti yako haraka kuliko moyo wake. Mpeleke, mtibu, lakini mwambie daktari kabla dawa haijaandikwa, na uiandike hitilafu hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya daftari lake la hospitali.

Kifafa huwapata mabinti wengi, zaidi ya nusu, na hutibiwa kwa dawa zilezile za kifafa cha watoto wengine. Tatizo ni kwamba Rett ina matukio yanayofanana na kifafa bila kuwa kifafa. Akiwa macho, binti anaweza kuhema kwa kasi, kisha akazuia pumzi mpaka midomo ikabadilika rangi, akakodoa macho, akatetemeka. Akilala, pumzi inatulia. Wapo mabinti waliorundikiwa dawa tatu za kifafa kwa matukio ambayo asili yake ni pumzi. Kabla ya kuongeza dawa, omba kipimo cha umeme wa ubongo kinachorekodiwa pamoja na video, au angalau daktari azitazame video zako kwa makini.

Mgongo huanza kupinda kwa upande kwa mabinti wengi, hasa wasiotembea. Utazamwe kila miezi sita: mvue nguo, mkalishe, utazame kama mabega yako sawa na kama mstari wa uti umenyooka. Binti anayeweza kusimama asimamishwe kila siku, anayeweza kutembea atembezwe, hata kwa kushikwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe wewe, kwa maana yeye utamwona mara moja kwa mwezi nawe uko naye kila siku. Mifupa yao ni dhaifu, hivyo jua la asubuhi, maziwa na kusimama vina kazi moja.

Kula kunachosha. Anaweza kukaa saa nzima na bakuli la uji na bado uzito usiongezeke. Mkalishe wima, kidevu kikiinama kidogo, mpe chakula kilichopondwa na chenye nguvu: uji wenye karanga zilizosagwa laini, parachichi, mafuta kidogo ya kupikia, yai. Akikohoa kila anapokunywa maji, kinywaji kiwe kizito zaidi na daktari ajulishwe, kwa sababu chakula kinachopotea njia huenda kwenye mapafu. Choo kigumu ni adha ya karibu kila mmoja wao. Mtoto anayelia usiku bila sababu atazamwe tumbo kwanza. Tumbo hilo huweza pia kujaa hewa anayoimeza anapohema. Iwapo pamoja na juhudi zote uzito unashuka, daktari akipendekeza mpira wa kulishia unaopitishwa tumboni, usiuone kama kushindwa.

Na meno, ambayo husagwa kwa sauti ya kukera. Yasafishwe kila siku, basi.

Zungumza naye

Mikono imegoma na ulimi umegoma, lakini macho ya mabinti wa Rett hufanya kazi, na hutazama watu kwa namna ambayo kila anayewahudumia huisimulia. Watoto wengi huonekana hawaelewi kwa sababu jibu lao huchelewa. Unamuuliza, unasubiri kidogo, unakata tamaa, unahamia kwingine. Naye ndipo anapogeuza macho kukujibu.

Fanya hivi. Shika vitu viwili, kikombe na ndizi, mbali kidogo kimoja na kingine. Muulize anataka kipi. Kisha nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi 15 au hata 20. Akikitazama kimoja na kukaa hapo, mpe hicho mara moja na ukitaje. Baada ya wiki kadhaa badilisha vitu kwa picha, halafu ongeza "ndiyo" na "hapana" kwenye kadi mbili. Wenye uwezo hutumia kompyuta inayosoma mwendo wa macho. Asiye nayo atumie ubao wa plastiki angavu wenye picha kwenye pembe zake, nawe ukitazama kutoka upande wa pili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya safari moja kwa mganga.

Mikono inayojisugua bila kukoma unaweza kuipumzisha. Kiwiko kimoja kikifungwa kitambaa kigumu kidogo kwa muda mfupi ili kisikunje, mkono wa pili mara nyingine hupata nafasi ya kugusa kitu. Usifunge yote miwili, wala usimkaripie. Hana uwezo wa kuacha.

Usizungumze juu ya msiba wake mbele yake. Msomee. Mpeleke madrasa au shule ya Jumapili akae na wenzake. Mwambie unakwenda wapi na utarudi lini.

Dawa zilizopo na zinazouzwa

Kwa miaka mingi hapakuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa kwa Rett yenyewe. Machi 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha trofinetide, dawa ya maji inayotolewa mara mbili kwa siku kuanzia umri wa miaka miwili. Hupunguza baadhi ya dalili kwa baadhi ya wagonjwa, haigusi jeni, huharisha wengi wanaoitumia, na bei yake iko mbali sana na mfuko wa familia ya kawaida popote duniani. Ukiikosa, hujaikosa tiba kamili.

Tumaini kubwa liko kwenye kupandikiza jeni nzima kwa kutumia kirusi kisichodhuru, na majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 2023. Ugumu wake unatokana na tabia ya MeCP2 yenyewe, ambayo ni kama chumvi kwenye mboga: ikipungua hakuliki, ikizidi hakuliki. Wapo wavulana wanaozaliwa na nakala mbili za jeni hii badala ya moja, na protini hiyo ya ziada huwaletea ulegevu wa mwili, kukosa usemi, kifafa na vichomi vya mara kwa mara. Kwa kuwa ndani ya ubongo wa binti wa Rett baadhi ya neva tayari ni nzima, kirusi kinachoingia kila seli na kuongeza protini bila kipimo kinaweza kuziumiza hizo nzima. Watafiti wameweka vidhibiti ndani ya jeni wanayoipeleka ili isizidi. Mwaka 2024 mshiriki mmoja aliyepewa dozi kubwa katika jaribio mojawapo alifariki, na dozi hiyo ikasitishwa. Dozi ndogo ziliendelea. Kazi hiyo inakwenda kwa uangalifu, na itachukua muda.

Jaribio la kweli la tiba lina kibali cha kamati ya maadili, limesajiliwa hadharani, na halimtozi mzazi ada ya kumtibu mtoto. Kwa kigezo hicho utawatambua wanaouza sindano za seli shina, dawa za mitishamba za "kurudisha ubongo", maji ya kuombewa kwa bei maalumu na safari za kliniki za ughaibuni zinazodai malipo yote mapema. Usiwape fedha. Fedha hiyo ilipie ECG ya mwaka, kiti kinachomkalisha wima, nauli ya mazoezi na dawa ya kifafa isiyokatika. Mabinti wengi wenye Rett hufika utu uzima, na wapo walio katika miaka ya 40 na zaidi, kwa hiyo panga matumizi yako kwa safari ya urefu huo.